Waya wa Buluu Chini ya Ngazi

Ti.

Sauti ilitoka chini ya ngazi, gizani, ndogo kama ya ukucha unaogonga kikombe. Ikanyamaza kwa muda wa pumzi nne, kisha ikarudi. Ti. Umeme ulikuwa umekatika Jumatatu hiyo saa moja na dakika tano jioni, na sanduku la betri lilikuwa linaarifu kwamba kuanzia sasa nyumba inaishi kwa akiba ya dakika arobaini.

Mama wa mtoto alikuwa bafuni, amepiga magoti mbele ya beseni, anamwogesha mwanawe. Hakuhitaji kuona. Mikono ilijua taulo liko wapi, sabuni iko wapi, na sikio la mtoto liko wapi.

"Mama, sanduku linaita," akasema Kidoti, ambaye alikuwa na miaka mitano na kidoti cheusi shavuni kilichompa jina.

"Nimelisikia."

"Linasema nini?"

"Linasema tufanye haraka."

Kila mtu mle ndani alijua maana ya dakika arobaini. Betri ikiisha, rauta, kile kifaa cha kuleta intaneti, inazimika. Rauta ikizimika, visahani vitatu vya waifai vilivyobandikwa darini vinazimika. Na visahani vikizimika, sauti za wakubwa wa nyumba ile zinazimika navyo, mpaka umeme urudi. Mara ya mwisho ulichukua siku mbili kurudi, na kwa siku mbili walikula, walioga na walifunga milango bila kutoa neno. Kwa hiyo umeme ulipokatika, mwenye la kusema alilisema upesi.

"Mama Waya!" mama mkwe akaita kutoka sebuleni. "Njoo unichukulie neno."

Akamfunga mtoto taulo, akawasha tochi ya simu, akaenda.

Mambo yalianza mwaka uliopita, kwa kosa dogo. Nyumba ilijengwa na marehemu baba mkwe, mtu aliyeamini mawe kuliko matofali, na kuta zake zilikuwa nene kiasi kwamba msumari mrefu ulizama mzima bila kutokeza upande wa pili. Waifai ya rauta iliyokaa chini ya ngazi haikufika popote pa maana. Mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora ramani za majengo katika chumba cha juu, alituma michoro ikakwama katikati kama mtu aliyekwama dirishani. Mama mkwe, aliyekaa chini, alitazama tamthilia zake kwa vipande, mara mdomo wa mwigizaji, mara kisogo. Shemeji yake, fundi majokofu aliyeitwa Barafu, alikaa chumba cha uani, na huko mpira ulifungwa kwanza kwa majirani, yeye akashangilia baadaye.

Wakati huo mama wa mtoto alikuwa ameanza masomo ya jioni ya mitandao ya kompyuta, Jumanne na Alhamisi. Akaazima drili. Akatoboa kuta kwa siku tatu, vumbi jeupe likimkaa kwenye nyusi, akapitisha nyaya, akabandika visahani vitatu: kimoja sebuleni, kimoja juu, kimoja uani. Hakuna fundi aliyeitwa. Kazi ilitulia. Barafu alipita akitazama juu, akasema, "Shemeji, we ni hatari," na hakuna aliyesema zaidi ya hapo.

Mwalimu wa jioni alikuwa amemfundisha vizuri: visahani vyote vipe jina moja na neno la siri moja. Mtu akitembea nyumbani, simu yake itaachia hiki na kushika kile, na mwenyewe hatajua. Alirudi na maelezo hayo yameandikwa daftarini, yamepigiwa mstari.

Lakini tangu kifo cha mzee, mama na mwana walikuwa wanasalimiana kwa kukohoa. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aombe radhi kwanza, na hakuna aliyekumbuka kwa hakika ni radhi ya nini.

"Mimi sitaki kuchanganywa na watu," mama mkwe alisema. "Cha huku chini kiitwe Chini."

"Basi changu kiwe Juu," mumewe akasema, "na neno la siri nijue mwenyewe. Barafu atanimalizia intaneti na mipira yake."

"Mimi niiteni Uani," Barafu akasema, "na mniache na mambo yangu."

Mama wa mtoto akafanya kama walivyotaka. Majina matatu, maneno ya siri matatu, yameandikwa kwa mwandiko mzuri kwenye karatasi tatu. Kosa lilikuwa hilo.

Wiki ya sita baada ya hapo mumewe aliteremka kuchukua maji ya kunywa, akamkuta mama yake sebuleni, akafungua mdomo na hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Midomo ilikwenda, sauti hapana. Akarudi nyuma, akapanda kipandio cha kwanza, cha pili, na kwenye cha tatu sauti ikamjia katikati ya neno. "...sijambo," alikuwa anasema. Akatazama darini, akapima kwa macho umbali wa kisahani chake, kama anavyopima mtu wa ramani. "Aa," akasema. "Kumbe inaishia hapa." Akapanda zake na bilauri ya maji. Tangu siku hiyo, akitaka kusema jambo na watu wa chini, alisimama kipandio cha tatu na hakushuka zaidi, na hata hapo wa chini hawakumsikia vizuri.

Mama mkwe naye aligundua mpaka wa sauti yake kwenye mlango wa jiko. Barafu aligundua wa kwake kwenye kamba ya nguo. Hakuna aliyelifanya jambo kubwa. "Hata jokofu lina mpira mlangoni," Barafu alisema, "baridi isitoke nje," na kila mtu akaona ni maelezo ya kutosha.

Mama wa mtoto peke yake alisikika kote. Siku za kugawa majina hakuna aliyemuuliza lake. Laptopu yake ilikuwa nzee, waifai yake ilishakufa, ikabidi aichomeke moja kwa moja kwenye rauta kwa waya wa buluu, kwenye meza ndogo chini ya ngazi alikofanyia mazoezi yake ya darasa. Hivyo hakuwa wa Chini, wala wa Juu, wala wa Uani. Alikuwa kwenye waya. Akienda dukani alihisi kitu kikilegea taratibu kiunoni, kama mkanda unaoongezwa tundu, na akirudi kikajikunja chenyewe. Hakikumuuma.

Basi wakamtumia. Mwambie mumeo ashushe vikombe, vimejaa huko juu kama duka. Mwambie Mama vikombe ni viwili. Mwambie Barafu hilo jokofu analoliponda tangu asubuhi liko hai au analizika. Mwambie Kaka limeshapona, ila lina aibu. Barafu ndiye aliyemwita Mama Waya wa kwanza, kwa utani. Mumewe akafuata bila utani.

Kidoti pia alisikika kote, kwa kuwa watoto hawakupewa neno la siri lolote, na umeme ukiwepo usiwepo yeye aliongea. Walimjaribu kama tarishi kwa siku moja. Akapanda juu akasema, "Bibi anasema uje ule, na anasema mimi nipewe biskuti mbili, na anasema paka wa jirani anaitwa Profesa." Wakamwachisha kazi.

Mama Waya hakuongeza wala hakupunguza. Darasani walikuwa wamesoma kile kisanduku kinachokaa katikati ya nyaya zote, na mwalimu alikuwa amesema, "Kazi yake ni kupeleka. Hakisomi barua za watu." Aliandika hilo mara mbili. Tangu hapo alibeba maneno bila kuyasoma, na kazi ikawa nyepesi. Yalipita ndani yake kama maji yanavyopita kwenye bomba. Jioni aliweza kukaa kitandani na asikumbuke hata moja.

Sasa alikuwa amesimama sebuleni na tochi, na sanduku chini ya ngazi likasema ti.

"Mwambie mumeo," mama mkwe alianza, amejifunika kitenge miguuni, "Kidoti kaniambia kuna mtihani Alhamisi. Muulize, mtoto atabaki na nani."

Akapanda. Mumewe alikuwa amekaa mbele ya kompyuta iliyozimika, mikono juu ya meza, kama mtu anayesubiri kuhudumiwa.

"Mama anasema kuna mtihani Alhamisi. Anasema mtoto atabaki na nani."

"Si na yeye? Mwambie ni kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili tu."

Akashuka. Akasema.

"Mimi sina ugomvi na hizo saa mbili," mama mkwe akasema. "Muulize, na akifaulu?"

Akapanda.

"Mama anasema, na akifaulu?"

"Akifaulu nani?"

"Anasema mkeo."

"Aa. Mwambie akifaulu kuna shule inamhitaji. Wanataka mtu wa kuwaangalizia mtandao wao. Kila siku, asubuhi mpaka jioni."

Akashuka na hilo, mzima mzima, hakudondosha hata silabi. Mama mkwe akalipokea, akalikalia kidogo.

"Kila siku," akasema. "Haya, muulize, hizo kila siku maneno yangu nitampa nani? Au nipande mwenyewe na magoti haya, nifike juu nikiwa bubu?"

Akapanda.

"Mh," mumewe akasema. Akajikuna shingo. "Hilo sikuliwaza. Kamsikilize Barafu."

Akatoka uani na tochi. Barafu alikuwa ameingiza kichwa na mabega yote ndani ya jokofu la mteja, miguu nje.

"Kaka anasema, mkewe akifaulu mtihani atakuwa kazini kila siku. Anasema wewe unaonaje."

"Mimi sina neno!" sauti ikatoka kwenye jokofu. "Aende, asome, atuletee sifa." Akachomoa kichwa. "Ila ngoja kwanza. Kaka akitaka nipunguze redio, atanifikia vipi? Tutarushiana mawe yamefungwa karatasi?" Akacheka peke yake, akajifuta mikono. "Sema nimesema wakubwa wataamua. Andika hivyo hivyo."

"Siandiki. Nabeba."

"Basi beba, Mama Waya. Beba polepole."

Akapanda, akakabidhi. Mumewe akafikiri kwa muda wa ti mbili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaangalia muda.

"Mwambie Mama tumekubaliana. Asiende. Mtihani upo na mwakani."

Akashuka. "Anasema mmekubaliana. Asiende. Anasema mtihani upo na mwakani."

"Haya," mama mkwe akasema, na uso wake ukalainika gizani. "Mwambie nashukuru. Mwambie hapo amefanya jambo la mwanaume."

Alikuwa kwenye kipandio cha pili sanduku lilipotoa mlio mmoja mrefu, likakata. Darini, taa ya kijani ya kisahani cha Chini ikafa, kisha ya Juu. Neno lilibaki mdomoni mwake halina pa kufikishwa. Akalimeza na mate. Ilikuwa safari ya tisa.

Akaenda jikoni, akawasha mshumaa, akavuta sufuria ya viazi. Akamenya cha kwanza. Alipoanza cha pili, kisu kikasimama, kwa sababu yale maneno tisa yalikuwa bado yamo ndani, yamekwama kwa umeme, na kwa mara ya kwanza yalikaa mahali pamoja muda wa kutosha kusomeka. Akayasoma polepole, kama mtu anayesoma barua iliyoletwa nyumbani kwake kimakosa. Mkeo. Akifaulu. Asiende.

Akageuza bahasha akaona ni jina lake.

Hakuna kilichouma. Vidole vilikuwa na ganzi tangu asubuhi, akidhani ni maji ya baridi. Sasa ganzi ilikuwa imefika kwenye viwiko, inapanda taratibu bila vurugu, kama mgeni anayejua njia. Akamenya cha pili, akamenya cha tatu.

Kidoti alikuwa anaimba nambari gizani, peke yake mwenye sauti katika nyumba nzima. Akanyamaza.

"Mama, unalia?"

Akatikisa kichwa. Hakuwa analia.

Umeme ulirudi Jumanne mchana, na sauti zikarudi, na mama mkwe akaita, na mumewe akajibu. Mama Waya akabeba. Lakini sasa lile jambo la kusoma lilikuwa limemwanza na halikuacha, na kila neno lililopita alikuwa analiona jina lake lilipo. Usiku huo, darasa likiwa limesimama kupisha mtihani, akafungua daftari kwenye ule ukurasa uliopigiwa mstari. Kama visahani vingekuwa na jina moja, viliwaza vidole vyake vyenye ganzi, mtu angetoka juu na sauti yake mpaka chini. Wangesikiana. Na watu wanaosikiana hawahitaji wa kuwapelekea maneno. Na asiyehitajika kupeleka maneno anaweza kwenda mtihani Alhamisi saa kumi na mbili.

Yalikuwa mahesabu mepesi, na alishangaa kidogo tu kwamba hakuyafanya mapema.

Jumatano asubuhi akakaa chini ya ngazi, akaingia kwenye ukurasa wa kuendeshea visahani. Akafuta Chini. Akafuta Juu. Akafuta Uani. Mahali pote patatu akaandika Nyumbani. Akavipa chaneli tofauti, moja, sita na kumi na moja, visipigane hewani. Akapunguza nguvu ya kila kimoja, ili simu isiking'ang'anie kisahani cha mbali ilhali kuna cha karibu. Kisha akazunguka nyumba nzima, akaomba simu moja moja, akaingiza jina jipya na neno la siri jipya.

"Unafanya nini?" mumewe akauliza, bila kuinua macho kwenye mchoro.

Akamweleza. Mumewe akaendelea kuchora. Akamwachia simu mezani, na mkewe alipomaliza akaichukua.

"Isije ikakata tu," akasema.

Jua lilipozama akaandaa meza ya sebuleni, sahani tano. Akaita mara moja tu, kwa sauti ya kawaida. Mumewe akateremka. Akafika kipandio cha tatu, akasita kwa mazoea, akashuka cha pili, cha kwanza, akakanyaga sakafu. Akakohoa. Kikohozi kikasikika sebuleni, kizima, kina mwanzo na mwisho.

Mama mkwe akainua macho.

Barafu akaingia kutoka uani akijipangusa mafuta. "Hodi," akasema, na hodi ikafika. Akasimama. "Hee! Leo nasikika mpaka huku." Akavuta kiti, akakaa, akajaribu tena. "Moja, mbili, tatu. Nasikika kabisa. Shemeji, we ni hatari."

Wakakaa wote. Uma zikagonga sahani. Mama wa mtoto aliweka mikono mapajani na kusubiri. Mama na mwana walikuwa wametenganishwa na bakuli moja la mchuzi. Mtu angeweza kunyoosha mkono na kumgusa mwenzake bila kuinuka kwenye kiti.

Mumewe akameza. Akafuta midomo. Akamgeukia mkewe.

"Mwambie Mama mchuzi umekolea."

Taa ya kijani darini ilikuwa inawaka vizuri, haipepesi.

"Amekusikia," mama wa mtoto akasema.

"Nimemsikia," mama mkwe akakubali. "Mwambie akipenda aongeze."

"Nami nimesikia," mumewe akasema. "Mwambie asante, nimeshiba."

Mama wa mtoto akawatazama. Hakuna aliyeona ajabu. Barafu aliinamia sahani yake na kula haraka haraka, kama mtu aliyekaa katikati ya mazungumzo ya wengine kwenye benchi la kituo. Wakamsubiri mama wa mtoto kidogo, kwa adabu, na alipoona wanamsubiri, akageuza kichwa kulia. "Anasema asante, ameshiba." Hapo meza nzima ikashusha pumzi, na uma zikaendelea.

Alikuwa na lingine, la kwake. Alilitafuta mbali, chini ya maneno yote yaliyopita humo mwaka mzima, akalikuta dogo na kavu.

"Nataka kwenda kesho," akasema.

Mumewe akainua kichwa. "Nani anasema?"

"Mimi."

Mumewe akamwangalia kwa subira, kama mtu anayeangalia ukurasa unaokataa kufunguka. Macho yake yalikuwa na huruma. "Sawa," akasema, "lakini ujumbe wa nani?"

"Wangu."

Akasubiri tena. Hakikufika kitu. Mama mkwe naye alikuwa ametega sikio, kisha akaacha kutega. "Mwambie mumeo ale," akasema. "Chakula kinapoa."

Mama wa mtoto akajaribu kukumbuka neno lake moja, la kwake mwenyewe, lililowahi kufika. Kipindi cha joto alisema jino linamsumbua. Alilisema sebuleni, akalisema juu, akalisema uani. Hakuna aliyejibu, na yeye akadhani wamenuna. Baadaye aliling'oa akitoka darasani na kurudi na shavu limevimba, na mumewe akamwuliza Kidoti mama yako amekula nini. Hata huo mtihani alimwambia mumewe kwa kusema, "Mwalimu anasema mtihani ni Alhamisi," na ulisikika kwa sababu ulikuwa wa mwalimu. Maneno ya wengine yalikuwa na yatokako na yaendako. Ya kwake yalikuwa na yatokako tu.

Akaongeza mchuzi kwenye sahani ya mtoto. Kidoti alikuwa amemkodolea macho, kijiko hewani.

"Mimi nimesikia," Kidoti akasema.

"Kula, mwanangu."

Alhamisi saa kumi na moja jioni alivaa viatu. Kwenye mkoba aliweka koleo la kubania nyaya, daftari, kitambulisho cha darasa, na kipande cha waya cha kufanyia mazoezi. Hakumuaga mtu, kwa kuwa isingefika. Viazi alikuwa amevimenya na kuviacha ndani ya maji. Kidoti alikuwa sebuleni na bibi yake, wanatazama tamthilia, na mwigizaji alikuwa na mdomo na kisogo kwa pamoja.

Akatoka mlango wa mbele. Akavuka uwanja mdogo. Akafika getini, akaweka mkono kwenye komeo, na pale getini akakuta amefika mwisho wa waya.

Ulimshika kiunoni, kwa upole. Siku za darasa ulikuwa unalegezwa na mtu ndani ya nyumba, ambaye labda hakujua kwamba anaulegeza, kwa kusema tu haya, aende. Leo walikuwa wamekubaliana. Akavuta hatua moja. Waya haukuvuta kwa hasira, ulibaki ulivyo, na urefu wake ulikuwa ule ule. Aliutengeneza mwenyewe. Alikumbuka alivyoupima kwa mkono, akaukata, akaubana vichwa viwili, akaujaribu, akaridhika.

Alisimama hapo kwa muda. Jirani akapita na mfuko wa mkate, wakasalimiana, jirani akautazama ule waya wa buluu uliotoka mlangoni mpaka kwenye blauzi yake, akasema jioni njema.

"Mama Waya!" mumewe akaita kutoka juu, sauti safi, nyumba nzima ikasikia, na mama yake sebuleni akasikia. "Mwambie Mama apunguze hiyo runinga!"

Akageuka, akarudi. Kila hatua waya ukajikunja vizuri nyuma yake. Akapita sebuleni, akasema, "Anasema upunguze runinga." Mama mkwe, ambaye alikuwa ameshashika rimoti, akangoja mpaka amalize kusema, ndipo akapunguza.

Akaingia jikoni na viatu vya kutokea. Akawasha jiko, akabandika viazi.

Saa ya ukutani ikafika saa kumi na mbili, ikapita. Kwenye chumba cha darasa mwalimu alikuwa anagawa visahani, vitatu kwa kila meza, pamoja na rauta na nyaya, anasema kama alivyosema mazoezini: hii ni nyumba, ina watu wasiosikika vyumba vyote, tengeneza. Watahiniwa wana saa mbili kwa jibu ambalo lingemchukua yeye dakika ishirini. Meza yake labda ilikuwa ya dirishani. Labda wameipa mtu mwingine. Aliyawaza hayo bila haraka, huku anakoroga, na ganzi ilikuwa imefika mabegani na kutulia hapo kama shuka.

Hakumwona Kidoti akitoka sebuleni. Alisikia tu kwamba nyayo ndogo zinapanda ngazi, moja, mbili, tatu, kisha zikasimama. Mtoto alikuwa kipandio cha tatu, pale alipokuwa anasimama baba yake, mkono mmoja kwenye ukuta wa mawe. Juu, kiti cha mumewe kikalia. Sebuleni runinga ikanong'ona. Uani, redio ya Barafu ilikuwa kati ya wimbo na wimbo. Darini taa tatu za kijani ziliwaka, na milango yote ilikuwa wazi.

Mama wa mtoto akaacha kukoroga, akasubiri kusikia kuhusu biskuti, au kuhusu Profesa, paka wa jirani. Kidoti akajaza kifua, akatoa sauti, na hakuongeza kitu.

"Mama anasema anataka kwenda."